Ulinzi wa mtaa unaanzia kwenye daftari: tulivyofanya sisi Tabora

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa Tabora mjini, upande ule ambao treni ikipiga honi usiku wa manane mbwa wa mtaa mzima wanaitikia. Tangu 2015 ni katibu wa kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa wetu. Cheo hicho sikukigombea. Mwenyekiti aliuliza mkutanoni nani ana kalamu, na penseli yangu ya kuchorea vitambaa ilikuwa imekaa sikioni kama kawaida. Basi, yakaisha.

Siku hizi watu wa mitaa mingine wananifuata barazani. Mtu analeta suruali ipunguzwe kiuno, nampima, na futi ikiwa bado imemzunguka ananong'ona: "Fundi, hivi nyie ulinzi wenu mliuanzaje?" Nimechoka kurudia maneno yale yale huku pasi ya mkaa inapoa, kwa hiyo nayaandika.

Kwanza uliza watu wanaogopa nini

Mitaa mingi inaanza na filimbi na marungu. Sisi nasi mara ya kwanza tulianza hivyo, na ulinzi wetu ukafa ndani ya miezi minne. Mara ya pili, mwaka 2018, nilianza na daftari. Ni kaunta buku yangu ya vipimo, ile ya kwaya mbili. Mbele kuna viuno na mabega ya watu. Nikaigeuza, nikaanzia nyuma. Nilipita kaya 71, jioni baada ya kufunga kazi, na swali moja tu: "Hapa mtaani unaogopa nini?" Usiulize "mmeibiwa nini", utaletewa orodha ya sufuria.

Nilitegemea kusikia wezi. Wezi walitajwa, ndiyo, ila yaliyojaza kurasa ni mengine. Mama muuza chapati anaogopa choo: kiko nyuma ya nyumba, hatua kama 20, hakuna taa, na akibanwa usiku anajisaidia kwenye ndoo. Binti wa kidato cha pili anaogopa kichochoro cha kando ya reli chenye minyaa iliyofungamana, anakopita saa 11 alfajiri kuwahi namba. Mwenye duka anaogopa msimu wa mauzo ya tumbaku, hela zinapoingia mjini na watu wa kila aina nyuma yake. Mpangaji mmoja, msichana wa saluni, alinivuta pembeni akaniambia mwenye nyumba ana ufunguo wa pili wa chumba chake. Mama mwingine aliutazama mlango wa chumbani kwao, akasema yeye haogopi kitu. Nikaweka alama ya msalaba tu pembeni ya namba ya nyumba.

Halafu kuna bibi anayekaa peke yake nyuma ya mwembe mkubwa. Nilimwamkia, akaniitikia kwa Kinyamwezi, akanipa kigoda, akacheka swali langu. "Mwanangu, mimi mwizi aniibie nini? Mkeka? Mimi nawaogopa hao vijana wenu wa ulinzi." Macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha mazima, na sisi watu wa kanda hii tunajua macho mekundu ya kizee yamewaponza wangapi kwa kuitwa wachawi.

Ndipo nikaelewa kwa nini ofisini wanaandika maneno mawili, ulinzi na usalama, wala si moja. Ulinzi ni kazi: ina zamu, ina tochi, ina hela. Usalama ni hali ya mtu akishazima taa. Mkikesha wanaume arobaini kila usiku na bibi yule bado analala na panga chini ya mkeka, mmefanya ulinzi, usalama bado.

Ukishapata majibu, yapange kwa gharama. Anza na yale yasiyo na gharama au yenye gharama ya balbu moja. Minyaa ya kando ya reli tuliifyeka kwa msaragambo wa Jumamosi moja. Chooni kwa mama chapati tulifunga taa ndogo ya sola. Ufunguo wa pili tulikwenda kuuchukua mimi na mwenyekiti, kwa heshima zote, tukanywa na chai. Kabla mlinzi hata mmoja hajakesha, kurasa tatu za daftari zilikuwa zimeshapigwa mstari.

Baba yangu na upinde

Niruhusu nitoke nje ya mada kidogo, maana kuna vijana wanadhani ulinzi wa raia umeanza juzi.

Nilizaliwa Nzega. Nilikuwa msichana mdogo mwanzoni mwa miaka ya 1980, sungusungu ilipoanza kule kwetu na upande wa Kahama. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha 1979, silaha zilikuwa zimezagaa, na ng'ombe walikuwa wanaondoka zizi zima kwa usiku mmoja. Wanaume wakashika pinde na mishale. Mwano, yaani ukelele wa kuita msaada, ukipigwa kijiji hiki, kijiji cha pili kinaupokea, cha tatu kinaupokea, mpaka mwizi anakuta porini kote kuna watu. Jina lenyewe ni la wale wadudu weusi wanaouma: mmoja si kitu, wakija wote utavua nguo. Wengine walijiita Basalama, watu wa salama. Serikali ilivutana nao, mara inawasifu, mara inawashitaki, mpaka 1989 Bunge lilipofanya marekebisho ya sheria za mgambo yaliyowapa nafasi kisheria.

Ng'ombe walibaki zizini, hilo nililiona. Lakini nililiona na la pili. Vizee waliotajwa kwa uchawi walifukuzwa na watu wale wale wenye pinde. Jirani yetu aliondoka asubuhi na chungu kimoja kichwani, na wanaume wamesimama pande mbili za njia wakimtazama apite. Baba alikuwa mmoja wao. Mpaka anafariki sikuwahi kumuuliza.

Kwa hiyo bibi wa mwembe aliposema anawaogopa vijana, sikumwona mzee anayebabaika.

Makaratasi

Hii ni fupi ila usiiruke. Nenda kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, waite mkutano wa wakazi, ulinzi upitishwe hapo, muhtasari uandikwe na mahudhurio yasainiwe. Kopi moja iende kwa mtendaji wa kata na nyingine kwa polisi kata. Polisi wenyewe wanauita ulinzi shirikishi na wanataka majina ya wanaokesha, kwa hiyo peleka orodha na uihuishe mtu akihama. Mtaani mkiwa na mgambo aliyepitia mafunzo, awe wa kwanza kwenye orodha. Omba askari aje siku moja awafundishe namna ya kukamata mtu bila kumuumiza. Wa kwetu alikuja mchana mmoja, akamkamatisha kijana wa bodaboda mbele ya watu mara tano, tukacheka sana, na tukajifunza.

Usiupitishe ulinzi kwa balozi wa nyumba kumi peke yake. Enzi za TANU ilikuwa sawa. Tangu vyama vingi virudi 1992 balozi ni wa chama, na nusu ya mtaa itakaa pembeni ikisema huo ni ulinzi wa wale. Mwalike kama jirani, akeshe kama jirani.

Zamu

Kaya zenye mtu wa kukesha kwetu zilikuwa 52. Watu wanne kila usiku, kwa hiyo kila kaya inafikiwa mara moja katika siku 13. Hesabu hiyo ifanye mapema na uiseme mkutanoni, kwa sababu mtu akijua ni usiku mmoja kati ya 13 anakubali. Asipojua anadhani amefungwa kifungo cha maisha.

Wachanganye. Usiwaweke marafiki wawili zamu moja, watakaa mahali wapige soga. Usiwaweke ndugu. Kila zamu iwe na angalau mtu mmoja aliyevuka miaka 40, ambaye magoti yake hayampi hamu ya kukimbiza watu. Aliyekunywa wanzuki harudishwi nyumbani kwa matusi. Anaambiwa akalale na zamu yake inasogezwa kesho.

Sisi tunaanza saa 5 usiku hadi saa 10 alfajiri. Njia ya doria ibadilike kila siku. Mkipita palepale saa ileile mwizi atawatumia nyie kama saa yake. Filimbi tuna lugha tatu tu: mlio mmoja mrefu, nipo, miwili, njooni wawili, mitatu mifupi ikirudiwa, toka wote. Huo wa tatu nitaurudia huko mbele, kwa masikitiko.

Mchana, sasa. Hapa ndipo daftari lilipotuumbua. Mwaka wa kwanza niliandika kila tukio: siku, saa, nyumba, kitu gani. Mwisho wa mwaka nikahesabu matukio 19. Kati ya hayo, 11 yalitokea mchana, mengi kati ya saa 3 na saa 6, watu wakiwa sokoni na shambani. Kuku, simu iliyowekwa chaji dirishani, paneli ya sola juu ya bati, baiskeli. Sisi tunakesha macho mekundu na mwizi wetu anafanya kazi saa za ofisi!

Zamu ya mchana haitembei. Ni watu ambao tayari wamekaa: mimi na cherehani yangu, muuza mkaa, fundi baiskeli wa kona, na bibi chini ya mwembe, ambaye tangu siku tuliyompa filimbi yake anaivaa shingoni kama rozari. Kazi yao ni kusalimia. Mgeni akipita: "Karibu, unamtafuta nani tukuelekeze?" Mgeni mwema anashukuru, kweli anaelekezwa. Mwenye nia nyingine anajua sura yake imeshatazamwa, anatafuta mtaa wenye watu wasiosalimiana.

Hela

Nilisema ulinzi wa kwanza ulikufa. Haukuuawa na wezi. Tulichanga 2,000 kila kaya, tukaajiri vijana watatu, mtunza hazina akawa mtu anayeaminika sana, asiyeulizwa. Mwezi wa tatu vijana hawakulipwa. Wa nne vilevile. Na kijana anayekesha bila malipo, aliyezunguka kwenu miezi minne, anajua nyumba ipi haina komeo na ipi mwenyewe amesafiri. Sitasema zaidi.

Sasa hatuajiri. Tunachanga 1,000 kwa mwezi. Wote wakitoa ni 71,000. Haijawahi kutokea, kwa kawaida tunapata hamsini na kitu elfu. Zinanunua betri, sukari na tangawizi ya chai ya usiku, vocha ya simu ya zamu, na kinachobaki ni akiba. Wajane na wazee tuliwaondolea mchango, wakakasirika. Tulijadiliana mpaka wakachukua kazi ya chai na maandazi kwa zamu yao wenyewe, na kusema kweli ulinzi wetu unasimama kwa sababu ya maandazi yale.

Hela isiingie kwenye simu ya mtu mmoja akabaki nayo yeye. Kwetu mmoja anapokea, wa pili anaandika, wa tatu anatunza, na matumizi yanasainiwa na wawili. Mwisho wa mwezi naandika karatasi moja kwa kalamu ya maka, inabandikwa kwenye banda la mkaa, kwa kuwa hakuna kaya isiyonunua mkaa. Zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Tunabandika majina ya waliotoa. Wasiotoa hatuwabandiki; ukimwaibisha mtu hadharani kwa sababu ya elfu moja, unamtengeneza jirani asiyefungua mlango siku ukipiga filimbi.

Usiku wa mawese

Ilikuwa kiangazi cha 2019. Zamu ilikuwa ya kaya yetu, mume wangu mgongo unamsumbua, nikatoka mimi. Saa 9 kasoro usiku, mwezi umeshazama. Honi ya treni tulikuwa tumeisikia, na mbwa wameshaitikia wamenyamaza. Hakuna aliyeunganisha hilo na lolote.

Kijana alitokea kichochoroni, anatembea haraka, ana mzigo begani, hana tochi. Wenzangu wakasema simama. Akatimua mbio. Na wewe ungetimua: watu wanne gizani, wawili wana fimbo. Nikaweka filimbi mdomoni, nikapiga ile ya mitatu mifupi. Mimi. Hakuna aliyeniamuru.

Haikupita dakika milango yote ilikuwa wazi. Nilipofika alikuwa chini na watu labda 30 wamemzunguka, na kwenye mwanga wa tochi kila kitu kilikuwa chekundu, mchanga, shati, mikono ya waliomshika. Mtu akapiga kelele: "Ameua huko atokako!" Hapo kipigo kikawa maradufu. Mwingine: "Mrundi huyo, sikieni anavyoongea!"

Nilijipenyeza mpaka magoti yakagusa mchanga ule mwekundu, nikashika shati lake. Miaka 30 ya kushika vitambaa, vidole vinajua kabla ya macho. Damu ikikaa kwenye kitambaa inakakamaa. Hii ilikuwa inateleza, inatambaa kwenye uzi. Nikanusa. Nikaanza kupiga kelele kama mwendawazimu: "Mawese! Ni mawese jamani, mawese!"

Lilikuwa dumu la lita tano kutoka Kigoma, limepasuka. Pembeni kulikuwa na dagaa wamefungwa kwenye gazeti. Kijana alikuwa ametoka kwao Kasulu, ameshuka treni iliyochelewa, anakwenda kwa dada yake, mke wa fundi baiskeli. Nyumba namba 38 kwenye daftari langu. Zilikuwa zimebaki nyumba sita afike. Aliondoka na meno mawili pungufu na kidole cha shahada kimevunjika.

Usiku uleule tulimpeleka polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kisha hospitali. Nilimwambia askari filimbi niliipiga mimi. Matibabu tulilipa kwa akiba ya ulinzi, haikutosha, tukachangishana. Fundi baiskeli alitusamehe, yeye ni mtu wa namna hiyo. Mkewe ananisalimia kila asubuhi, "shikamoo fundi", na nguo zake anapeleka kwa fundi mwingine.

Kuhusu lafudhi: yule alikuwa Muha. Na hata angekuwa Mrundi? Mkoa wetu una Ulyankulu, watu waliokimbia Burundi tangu 1972 wamelima pale, wamezaa na kujukuu, na wengi walishapewa uraia wa Tanzania. Namna mtu anavyotamka "r" si ushahidi wa kitu chochote.

Baada ya usiku ule tuliandika masharti upya, na haya ndiyo ningekuomba uyanakili kama yalivyo. Filimbi ya mitatu mifupi ni kwa kilichoonekana kwa macho: moto, mlango unavunjwa, mtu anapigwa. Haipigwi kwa kushuku. Ukishuku, mulika tochi chini kwenye miguu yake, usimmulike usoni, na uanze wewe kusema: "Salama ndugu? Sisi ni majirani wa zamu. Unakwenda kwa nani?" Anayetarajia mgeni wa usiku aseme mchana kwa mtu wa zamu. Na siku za treni mmoja wetu anakaa mdomo wa njia ya stesheni na tochi, anawasindikiza wanaoshuka. Mwanzoni vijana waliona ni kazi ya uchukuzi. Siku hizi wanaigombania, kwa sababu abiria hakosi kitu cha kuwaonjesha.

Na hili la mwisho: kila zamu ina mtu mmoja anayeitwa "mwenye mtu". Ikitokea mtu amekamatwa au ameanguka, kazi ya huyo ni kusimama juu yake akimpa mgongo na kuwatazama watu, asiondoke hapo. Anachaguliwa mwanzoni mwa zamu, saa 5, watu wakiwa na akili zao. Ukisubiri kumchagua umati ukishafika, hutampata.

Ukimkamata kweli

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, na inamtaka amfikishe polisi bila kuchelewa. Kuchelewa ni pamoja na kumlaza ofisi ya mtaa "mpaka asubuhi aseme wenzake". Msimtoze faini, msimvue nguo, msimpige picha. Katiba yetu ibara ya 13 inakataza mtu kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa, na hilo linamhusu hata aliyekutwa na kuku wako kwapani. Akifia mikononi mwenu, hiyo ni kesi ya mauaji, na adhabu yake Tanzania ni kunyongwa. Nawaambia vijana hivi hivi, bila kupamba.

Piga 112. Andika saa, mahali, nani ameona nini kwa macho yake. Vitu vilivyokutwa vikabidhiwe polisi, visirudishwe kwa mwenyewe usiku uleule hata akililia redio yake. Chukua RB, namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi. Kisha jambo ambalo hakuna anayelipenda: shahidi aende kutoa maelezo, na siku ya kesi aende. Kesi yetu ya kwanza ilianguka kwa sababu shahidi alikuwa shambani akipalilia karanga. Tangu hapo akiba ya ulinzi ina fungu la nauli na chakula cha shahidi, na siku ya kesi mtu anakwenda kumgongea mlango saa 12 asubuhi.

Kelele za ndani ya nyumba

Walinzi wetu walikuwa wakisikia mtu anapigwa ndani ya nyumba yake, wanaongeza mwendo. "Mambo ya ndani hayo." Sasa wanabisha hodi na kuomba kiberiti. Ndivyo hasa: "Hodi, samahani baba, tumeishiwa kiberiti." Mwanamume anayepiga akija mlangoni kutoa kiberiti, hasira imekatika kidogo, na ameona majirani wanne wamesimama. Kesho yake mwanamke wa kamati anapita, kama anayekuja kuchukua vipimo. Yule mama niliyemwekea msalaba kwenye daftari alinieleza mara ya nne nilipompima gauni lile lile. Nilimsindikiza dawati la jinsia na watoto, polisi, nikakaa naye kwenye benchi. Yakihusu mtoto kuna namba 116, haitozwi kitu.

Na bibi wa mwembe. Mwaka 2021 mtoto wa jirani aliugua degedege, ndugu wakaenda kwa mganga, wakarudi wanasema "nyumba yenye mwembe". Ramli chonganishi hiyo, ni kosa, na tuliiripoti siku ileile kwa mtendaji na polisi kata bila kusubiri tuone itaishia wapi. Mtoto tulimchangia nauli na dawa akapelekwa hospitali, ilikuwa malaria. Kwa mwezi mzima zamu ilikuwa inapita kwa bibi mara tatu kila usiku na kumwita kwa sauti ili asikie ni sisi: "Bibi, umelala?" Aliniambia zile kelele ndizo zilizokuwa zinamwamsha. Tukapunguza zikawa mbili.

Kundi la WhatsApp

Liwepo, lakini liwe la matangazo tu, wasimamizi watatu. Hakuna picha ya mtu anayeshukiwa, hakuna sauti iliyotumwa kutoka mji mwingine kuhusu watekaji watoto. Uzushi wa mtandaoni una sheria yake tangu 2015, ila hata usingekuwa nayo, mimi nimeona watu 30 wanavyofika kwa filimbi moja. Simu inafika kwa mamia.

Mkibakiwa na salio

Msinunue sare. Kila mtaa ukipata laki moja unataka fulana zilizoandikwa ULINZI mgongoni, na wanakuja kwangu nizishone. Mtu akivaa ile anaanza kuamuru, na ikiibiwa kambani anaivaa mwizi. Msinunue pingu. Nunueni tochi za kuchaji nne, makoti ya mvua mawili maana masika ya Tabora hayana huruma, sanduku la huduma ya kwanza, na kaunta buku nyingine. Letu limebaki kurasa tisa, na upande wa mbele viuno vya watu vimeshakutana na zamu za usiku katikati; juzi nusura nimkate mteja suruali kwa kipimo cha nyumba namba 44.